Bi Ngiri Alivyoachwa na Mafundi Sikukuu

Paukwa?
Pakawa!
Palikuwa na cherehani.
Ikalia tatata!

Hapo zamani za kale, wanyama wote walimpelekea Bi Ngiri vitambaa awashonee nguo za sikukuu. Wote aliwaahidi. Zilipobaki siku ishirini, akahesabu vitambaa ambavyo havijashonwa, akaogopa. Asipomaliza, nani atamletea kitambaa tena?

Akaja ndege Mnana, mshonaji. "Bosi, naacha kazi."

"Leo? Na sikukuu hii hapa?" Bi Ngiri akapiga mlango kufuli.

Mnana akaruka nje kupitia dirishani, puruu!

Akaja Kima, fundi wa vifungo. "Bosi, naacha kazi."

Kufuli limeshindwa, Bi Ngiri akajaribu sifa. "Kima mwanangu! Kuanzia sasa wewe ni Meneja Mkuu wa Vifungo!"

"Nitamsimamia nani?"

"Vifungo."

Kima akacheka akashika mbavu, akaenda zake.

Akaja Kobe, mkata nguo. Alitoka mezani kwake asubuhi, akamfikia Bi Ngiri saa saba. "Bosi, naacha kazi."

Bi Ngiri akafumbua mdomo atukane. Likatoka swali ambalo hakuwahi kuuliza. "Kwa nini?"

"Likizo yako ni siku tatu. Mimi kwa siku tatu hata mtoni sifiki. Mama hajaniona sikukuu sita."

"Si ungesema!"

"Nilisema mwaka juzi, ukajibu tutaona. Nikasema mwaka jana, tutaona. Mwaka huu sisemi, naaga."

Bi Ngiri akakaa kitako. "Basi nikatie vitambaa leo na kesho, kisha nenda kwa mama. Ukirudi, umerudi. Kiti chako hakikaliwi."

Akamfuata Mnana. Kumbe ana mayai, anataka tu kuondoka kila adhuhuri akayaatamie. Bi Ngiri akakubali, Mnana akarudi kazini. Akamfuata Kima. Kumbe anataka kucheza ngoma kwao siku moja tu, ile ya sikukuu. Akakubali pia.

"Ni hayo tu?" Bi Ngiri akashangaa.

"Hukuuliza, Bosi," Kima akajibu.

Wakashona, wakashona, wakashona. Nguo zote zikatoka, ila ya Bi Ngiri mwenyewe. Ya kwake iliishia mgongoni, sikukuu ikafika. Mtazameni hadi leo: manyoya shingoni na mgongoni, kwingine kote uchi. Wakimcheka, anainua pua: "Mafundi wangu walikuwa likizo!"

Basi nanyi wenye mafundi, ulizeni mapema, sikukuu ikiwa bado mbali. Anayeaga msimfungie mlango, wala msimbandike cheo. Muulizeni shida yake, mmsikilize.

Hadithi imefika kwenye upindo. Nakata uzi.