Sanduku la Liwali

Sogeeni karibu, na mwenye paka nyumbani asiwahi kucheka.

Katika nyumba moja ya ghorofa pale Tanga, chini waliishi watu watatu. Mzee Makame, mlinzi mstaafu, alijaliwa macho: aliweza kukitazama kitu kimoja tangu asubuhi hadi adhuhuri asichoke. Kombo, seremala, alijaliwa mikono: alikata mbao bila futi na zikakutana. Na Hidaya, mpishi wa harusi, alijaliwa pua: alijua wali unaungua kabla hata sufuria haijafunuliwa.

Ghorofa ya juu aliishi shangazi yake Hidaya, Bi Mwanatime, mjane, pamoja na paka wake Liwali. Jitu la paka, kilo nane! Hakutoka nje, maana gari barabarani lilishampunguzia mkia. Marehemu mumewe ndiye aliyemleta, enzi hizo paka akienea kiganjani, na Bi Mwanatime alimpenda sana paka yule.

Basi Liwali akaanza kulikimbia beseni lake la mchanga. Akajisaidia zuliani, kitandani, hata ndani ya kiatu cha mgeni. Mwenye nyumba akapanda ngazi huku ameziba pua.

"Bi Mwanatime, mwisho Ijumaa. Harufu iishe, au paka atoke."

Ilikuwa Jumanne. Bi Mwanatime alilia mpaka macho yakavimba.

Jumatano Mzee Makame akaja na kahawa yake, akaketi. Watu wote walikuwa wanasema paka amezeeka, amefanya inda. Yeye akamtazama tu Liwali. Ilipofika adhuhuri akasema, "Shemeji, huyu hana inda. Ameingia mara nne. Kila akigeuka, makalio yanabaki nje. Beseni hili halimtoshi."

Alhamisi Kombo akaleta sanduku la mbao, refu na pana, mbele limekatwa chini ili tumbo lisikwaruzwe, ndani limetandikwa plastiki nzito. "Bi mkubwa, hata mimi naenea humu," akatania. Maranda laini ya kumwaga humo akayaleta yeye mwenyewe. Jioni Liwali akaingia, akageuka vizuri kabisa, akanusa, akatoka. Akaenda zake zuliani.

Ijumaa asubuhi Hidaya akapanda. Hajavua hata viatu, akasimama mlangoni.

"Shangazi, hili sanduku umelifukiza?"

"Udi, mwanangu. Na marashi kidogo. Beseni nalo nilikuwa nalifukiza kila siku. Sasa mgeni akija anuse nini?"

"Mgeni halitumii, shangazi! Paka ana pua kunishinda mimi."

Akamwaga maranda yote, akafua zulia na matandiko, akaliosha sanduku kwa maji matupu, akalianika juani. Kisha akaleta mchanga mkavu wa mtoni, akauchekecha kwa chekecheo la unga, akaumimina kina cha vidole vinne. Liwali akaingia, akageuka, akafukua, akamaliza haja yake na kuifukia kwa adabu zote. Bi Mwanatime akapiga vigelegele, nyumba nzima ikadhani kuna posa.

Baada ya swala mwenye nyumba akaja. Akanusa kila pembe. "Haya," akasema, akashuka.

Ndipo Bi Mwanatime akawaita wale watatu.

"Nina miaka sabini na sita. Siku nikiondoka, Liwali asilale njiani. Nataka nimwachie aliyemwokoa. Ni nani?"

Mzee Makame akasema, "Nisingetazama, angeshatolewa kwa inda asiyokuwa nayo."

Kombo akasema, "Na mchanga ungemfaa nini, makalio yakiwa nje?"

Hidaya akasema, "Lakini sanduku lilikuwapo, na akalikataa."

Bi Mwanatime akawatazama mmoja mmoja, wote akawapenda, asiweze kumtaja hata mmoja. Mpaka leo hajamtaja. Mkono wake uko mgongoni kwa Liwali, na Liwali amelala.

Nimewasimulia kama nilivyosimuliwa. Je, wewe ungemwambia amwachie nani?