Ujumbe Uliolala Sandukuni

Hapo zamani za karibu, televisheni ilipokwisha kuingia karibu kila nyumba pale Korogwe, palikuwa na mama mmoja akiitwa Mwajabu. Aliishi na mumewe, Shekiondo, na binti yao Salha, mwenye miaka kumi na tisa. Nyumba yao haikuwa na ugomvi. Haikuwa na mazungumzo pia. Baba alitazama mpira, mama alitazama tamthilia, binti alikodolea simu yake hata akiwa anatafuna.

Siku moja jirani yao, Mama Ngoda, akaja. Wakamkaribisha, wakamtilia chai, macho yakarudi kwenye televisheni. Akakaa, akakaa, akaaga. Kesho yake nyumba yake ilikuwa tupu. Kumbe alikuja kuwaambia kwamba anahamia kwa mwanawe, na hakuna aliyemuuliza kilichomleta.

Shekiondo aliona aibu kubwa. Akasema nyumba ile ipumzike siku thelathini: televisheni izimwe, kila mtu azime simu yake, zote tatu zifungiwe kwenye sanduku la nguo, ufunguo ukae juu ya kabati. Mke akakubali, binti akakubali. Wakapeana mikono kwamba hakuna atakayefungua bila wenzake kuwapo.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Shekiondo alijikuta amesimama mbele ya televisheni iliyozimwa, akiifuta vumbi ambalo halikuwapo. Salha alipapasa mfuko mtupu. Mwajabu aliwawaza watu wa tamthilia yake kama ndugu walio safarini. Kisha, kama siku ya sita hivi, ndimi zikalegea. Mwajabu akapata kujua kwamba binti yake anaogopa damu, na huyo ndiye waliyekuwa wakimtafutia chuo cha uuguzi. Shekiondo akasimulia jinsi punda alivyomkimbia siku aliyokwenda kuposa, mke wake akacheka mpaka akashika mbavu. Mwajabu akawaza, kumbe nina watu humu ndani.

Siku ya kumi, asubuhi, alikuwa peke yake akichambua maharage. Simu ikalia ndani ya sanduku. Ilikuwa yake, kile kitochi chenye betri isiyokwisha, alisahau kukizima. Kikalia mara ya kwanza, kikalia ya pili, kikalia ya tatu. Mwajabu akauchukua ufunguo juu ya kabati. Akaurudisha. Mumewe na bintiye waliporudi hakuwaambia. Aliogopa kwamba wakilifungua sanduku mara moja tu, jioni televisheni itawaka, na furaha ile mpya iishie hapo.

Mchana wa siku hiyohiyo, wazazi walipokwenda shamba, Salha alishindwa kujizuia. Akafungua sanduku aichungulie simu yake kidogo tu. Akakuta kitochi cha mama kinawaka, kina ujumbe. Akausoma.

"Dada, ni mimi Mhina. Nimepiga hupokei. Nahamia Songea. Kesho saa sita basi letu litasimama stendi ya Korogwe abiria wale chakula. Njoo tuonane, yaliyopita yaishe. Usipokuja nitaelewa."

Mhina alikuwa mdogo wake Mwajabu. Waligombana juu ya mahali pa kumzika baba yao, na kwa miaka tisa hawakupeana hata salamu.

Salha akafunga sanduku, akaurudisha ufunguo juu ya kabati. Akisema, watajua amewavunjia wenzake ahadi. Jioni akajaribu kupita kwa pembeni.

"Mama, kesho mchana twende stendi tukanunue machungwa."

Mwajabu akamshangaa. Mchungwa wao nyuma ya nyumba ulikuwa umeinama kwa matunda.

"Machungwa gani hayo, Salha?"

"Basi, mama. Si kitu."

Kesho yake basi likasimama, watu wakala, likaondoka. Alasiri muuza mahindi wa stendi akapita kwa Mwajabu, akamweleza kwamba kuna mwanamume hakula kabisa. Alisimama mlangoni mwa basi akimtazama usoni kila mama aliyepita, na akamuuliza yeye muuza mahindi kama anamfahamu Mwajabu.

Hapo Salha akalia, akasema yote. Sanduku likafunguliwa. Mwajabu akapiga. Mhina akapokea, na sauti yake haikuwa na hasira hata chembe.

"Nimeelewa, dada," akasema, akakata kabla hajaelezwa lolote. Tangu hapo namba yake haipatikani.

Shekiondo akasema kosa ni lake, kwani yeye ndiye aliyewafungia watu mawasiliano bila kufikiria dharura. Salha akasema kosa ni lake, kwani yeye peke yake alijua, akanyamaza. Kisha Mwajabu akasema jambo ambalo wenzake hawakulijua.

"Niliisikia. Mara tatu. Nilikuwa na ufunguo mkononi."

Hakujua amkasirikie nani. Salha alivunja ahadi, lakini asingeivunja, wangeujuaje ujumbe ule? Mumewe ndiye aliyeleta mapumziko yale, na siku zile kumi zilikuwa tamu kuliko miaka kumi iliyotangulia. Na kama televisheni ingekuwa inawaka, je, yeye angeisikia simu? Kila alipolishika wazo moja, jingine lilimponyoka.

Wakakubaliana kwamba lazima mtu aende Songea akamtafute Mhina, amwombe radhi ana kwa ana. Shekiondo akataka aende mmoja, yule mwenye kosa kubwa zaidi, maana wakienda watatu wataonekana wamekuja kutupiana lawama mbele ya mwenye uchungu. Hapo ndipo walipokwama, kila mmoja anasema ni mimi. Simu tatu zikabaki mezani. Hakuna aliyezirudisha sandukuni, wala hakuna aliyezigusa.

Basi nyinyi mliokaa mkanisikiliza, niamulieni, maana mimi nimeshindwa: aliyefunga bila kufikiria, aliyesikia asifungue, au aliyefungua asiseme, nani apande basi la Songea?