Wasifu wa Kurasa Sita

Mwongo huianza safari yake kwa mbwembwe. Hupita mbele ya watu kifua mbele, na wanaomtazama hudhani atafika mbali kuliko mkweli anayejikokota nyuma yake. Lakini barabara ya uongo haikuchongwa ifike popote. Ndiyo maana waliotutangulia wakatuachia usemi kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yaliyompata mwalimu mmoja wa kike, ambaye wenzake walimwita Chaki, ni ushahidi tosha.

Jina hilo alilipata chuoni, kwa kuwa hakuna siku aliyotoka darasani bila unga mweupe mikononi, kwenye nywele na hata puani. Hesabu ilikuwa damuni mwake. Mtoto aliyeziogopa hesabu za sehemu kama mtu anavyoogopa mbwa mkali, akikaa naye juma moja tu, huanza kuzigawa huku anacheka. Alihitimu vizuri, akafanya mazoezi ya kufundisha katika shule mbili, na zote zikamsifu. Kisha akarudi nyumbani kwa mama yake, akakaa. Maombi ya kazi aliyapeleka hadi soli za viatu zikalika. Mara nyingi hakujibiwa kabisa, na alipojibiwa aliambiwa "tutakuita", neno ambalo alikwisha jua kuwa ni njia ya adabu ya kumwambia mtu aende zake.

Mama yake alikuwa akishona nguo za watu pale sebuleni. Macho yalikuwa yameanza kumgomea, na kila asubuhi alimwita bintiye amtungie uzi kwenye sindano. "Nitilie, mwanangu, wewe bado unaona," alikuwa akisema kwa kicheko. Chaki aliutunga ule uzi akijua kwamba macho yale yalikuwa yakichakaa kwa ajili ya kumlisha yeye, mtu mzima.

Ndipo akasikia kwamba shule moja ya msingi inatafuta mwalimu wa hesabu. Akauchukua wasifu wake mbio mpaka dukani kwa binamu yake, aliyekuwa na chumba chembamba cha kuchapa na kurudufu karatasi, chenye joto la mashine na harufu ya wino. Binamu akaishika ile karatasi kwa ncha za vidole, kama mtu aliyemshika panya mkia.

"Dada, hiki ni nini?"

"Wasifu wangu."

"Ukurasa mmoja? Huu si wasifu, hili ni tangazo la mbuzi aliyepotea!"

Chaki akacheka, ingawa lilimchoma. "Nimeandika nilichosoma na nilichofanya. Kingine sina."

"Ndiyo maana uko nyumbani. Jana mtu kachapa hapa kurasa nane, na chuo chenyewe hakumaliza. Unadhani wale wanasoma? Wanapima uzito tu. Mkono ukisema huu mzito, umeajiriwa."

"Na wakisoma?"

"Hebu kaa hapo, usiniletee mkosi."

Akaketi. Binamu akaanza kupiga vidole kwenye kompyuta. Mwanzoni aliuvuta ukweli tu, kama mtu anayesukuma donge la unga liwe chapati. Mazoezi ya kufundisha yakawa "uzoefu mpana". Kuwapanga watoto foleni ya kunawa mikono kukawa "uongozi". Lakini donge lina mwisho wake. Ukweli ukaisha, kurasa zikabaki.

"Huduma ya kwanza unaijua?"

"Hapana."

"Kufunga kidonda je?"

"Kufunga kidonda nani asiyejua?"

"Basi unaijua." Akaandika kwamba Chaki amepata mafunzo ya juu ya huduma ya kwanza na uokoaji wa watoto, akataja na shirika moja lililokwisha funga virago, ili asipatikane wa kuulizwa.

Chaki akainuka kitini. "Hiyo futa."

"Nikifuta, ukurasa wa sita unabaki na mistari miwili. Unapendeza hivyo?"

Chaki akaikumbuka sindano ya mama yake. Akaangalia chini. "Iache basi."

Jioni mama yake aliziinua zile kurasa karibu na uso, akazipekua taratibu. "Mwanangu, haya yote uliyafanya lini?"

"Ndivyo wanavyoandika siku hizi, mama."

Mama alizilaza karatasi mezani, akarudi kwenye cherehani yake.

Shule ikamwita. Mwalimu mkuu, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia, hakumuuliza mengi. Alimpa chaki na darasa. Chaki akafundisha sehemu kwa kamba ya kuruka, akiikunja mara mbili, mara nne, mara nane, na watoto wakamfuata kama vifaranga. Mbele kabisa alikaa msichana mdogo waliyemwita Kasuku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Alijibu kabla ya kuulizwa, akaliuliza swali la pili kabla la kwanza halijapoa. Kipindi kilipoisha, Kasuku akasema kwa sauti, "Mwalimu, kesho usichelewe." Darasa zima likacheka, hata mwalimu mkuu.

Kazi akaipata palepale. Alipokuwa anaaga, mwalimu mkuu akafungua droo na kumpa ufunguo. "Nimeona una mafunzo ya huduma ya kwanza. Aliyekuwa na kabati la dawa amehama. Naomba ulishike wewe."

Mlango wa kurudi ulikuwa bado wazi. Angeweza kusema, "Samahani, hapo palikosewa." Chaki akatabasamu, akaupokea ufunguo.

Alijiapiza kwamba likizo ikifika atatafuta mafunzo ya kweli. Likizo ikafika, ikapita. Yaliyomfikia yalikuwa magoti yaliyochubuka na pua zilizotoka damu, mambo ambayo pamba na maneno matamu humaliza. Walimu wakaanza kumtania kwa kumwita daktari. Mwanzoni jina lile lilimwasha kama upupu, baadaye akalizoea, na mwishowe akawa anaitika. Nyumbani mama alipumzika kushona. Yote yalionekana yamekaa sawa.

Siku ya balaa ilikuwa na jua na kelele za kawaida. Kasuku alikuwa darasani akiitafuna kalamu yake huku akimsikiliza mwenzake anayemsimulia kichekesho. Akacheka kwa nguvu, na kifuniko cha kalamu kikaingia kooni. Kicheko kikakatika kama redio iliyozimwa. Mtoto akasimama, akajishika shingo, macho yakamtoka pima. Kwa mara ya kwanza tangu aingie shuleni, Kasuku hakuwa na sauti.

Wenzake wakapiga mayowe. Mwalimu wa michezo, aliyekuwa uwanjani, akaruka kizingiti na kumnyanyua. "Zahanati iko hapo ng'ambo ya barabara, nampeleka!"

"Subiri!" akasema mwalimu wa darasa la jirani. "Mwachie Mwalimu Chaki, ndiye aliyesomea."

Chaki alikuwa amefika mlangoni, na watu wakampisha njia. Macho yote yakamgeukia, yamejaa imani. Neno lililohitajika lilikuwa moja tu, nalo ni "sijui". Chaki akalihisi kwenye ncha ya ulimi, lakini aibu ikaliziba.

"Mlaze chini," akasema. "Nileteeni maji."

Mwalimu wa michezo akasita, kisha akatii. Chaki akamlaza mtoto chali, akamfungua vifungo vya kola, akampepea kwa daftari. Akamtilia maji mdomoni, yakamwagikia shavuni. Midomo ya Kasuku ikageuka rangi. Chaki akamsugua kifua, akimwita kwa sauti iliyokuwa ikipanda na kutetemeka. Miguu ya mtoto ilipoacha kutapatapa, mwalimu wa michezo hakuomba ruhusa tena. Alimpokonya, akavuka naye barabara huku magari yakipiga honi.

Kule zahanati walimwinamisha, wakampiga mgongoni kwa kiganja, na kifuniko kikatoka. Kwa urahisi ule. Mganga alimtazama Chaki aliyekuwa mlangoni, magoti yamelowa. "Angeletwa mara ile ile," akasema, kisha akamgeukia mtoto.

Kasuku hakufa. Lakini ubongo wake ulikaa bila hewa mno. Alipotoka hospitali kuu alikohamishiwa, alikuwa hawezi kushika kijiko, wala hakujua mama yake ni nani miongoni mwa wanawake waliokizunguka kitanda.

Kamati ya shule ikaitisha kikao. Asubuhi ile binamu alikuwa amempigia simu Chaki. "Kaza uzi, dada. Lile shirika halipo, nani atathibitisha? Na tafadhali, mimi sikuwepo." Chaki akaenda akiwa amedhamiria kukaza uzi.

Baba wa Kasuku alikuwa amekaa mwisho wa meza, mikono juu ya magoti. Hakufoka. "Mwalimu, mimi nataka kuelewa tu. Mtoto akikabwa, nyinyi mliosomea mlifundishwa mfanye nini?"

Chaki akafungua mdomo. Chumba kizima kilisubiri, na kadiri kilivyosubiri ndivyo jibu lilivyojitokeza lenyewe usoni pake.

"Sikusomea," akasema hatimaye. "Nilidanganya."

Baba akauinamisha uso mezani. Mabega yake yakaanza kutikisika, bila sauti.

Mwalimu mkuu alizikusanya zile kurasa sita mbele yake. "Ningekuajiri kwa ukurasa wa kwanza," akasema polepole. "Chuo chako, shule mbili ulizofanyia mazoezi, na namna ulivyofundisha siku ile. Nilikuwa sitafuti kingine. Hizi nyingine nilizipitisha jicho tu. Mstari nilioushika ni ule mmoja, nikauamini kwa sababu uliandikwa na mwalimu." Akavua miwani. "Na mimi sikuuliza. Hilo nitalibeba."

Chaki akafutwa kazi siku hiyo, na leseni yake ya ualimu ikachukuliwa. Mama yake akarudi kwenye cherehani bila kumlaumu hata kwa jicho, jambo lililomuuma kuliko lawama. Binamu aliendelea kuwachapia watu kurasa zao, na akikutana naye njiani alijifanya anapokea simu.

Baada ya miezi kadhaa Chaki alijikaza akaenda nyumbani kwa kina Kasuku. Mama wa mtoto alimfungulia, akamtazama, hakusema karibu, wala hakufunga mlango. Kasuku alikuwa amelazwa mkekani karibu na dirisha, amegemezwa kwa mito. Chaki akapiga magoti mbele yake.

"Mwanangu, ni mimi. Mwalimu."

Mtoto akamtazama kama mtu anavyotazama ukuta, kisha macho yakahamia kwenye mwanga. Mate yakamshuka kidevuni. Mama yake akainama, akayafuta kwa upindo wa kanga.

"Alikuwa anakupenda sana," mama akasema. "Sasa nenda."

Chaki akatoka. Nje watoto wa jirani walikuwa wakitoka shule, wakihesabu kwa sauti hatua zao njiani, na hakuna hata mmoja aliyemwamkia. Wasifu wake ulikuwa mrefu kuliko wa wote walioomba kazi ile. Lakini hata ukirefushwa kwa kurasa ngapi, njia ya mwongo ni fupi.