Kiboko na Majibu Manne Manne

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nani?
Pakawa mjanja!
Na mlafi je?
Kakaa nyuma yake!

Basi kulikuwa na kisima, na wanyama wakatafuta mlinzi wa kugawa maji. Kazi hiyo, sijui nani alishauri, ikawekewa mtihani wa Kiingereza. Kugawa maji kwa Kiingereza! Haya, si mimi niliyepanga.

Mtihani ulikuwa hivi: sentensi imepigiwa mstari, chini yake majibu matano. Manne mabovu, moja sahihi. Chagua.

Bi Pimbi asubuhi anasoma, mchana anasoma, jioni anasoma, maana Kiboko akipata kazi ile ataoga kisimani, na watoto wa Pimbi watakunywa tope. Kiboko naye asubuhi anakula, mchana anakula, jioni anakula. Siku moja kabla ya mtihani akamwendea Bi Pimbi, kudi, kudi, kudi.

"Kesho utakaa mbele yangu," akasema. "Kila alama utakayotia kwenye maswali niione. Ukificha, nakukanyaga."

"Sitaficha hata moja, mzee wangu. Nitazitia kubwa kubwa."

Siku ikafika, Mwalimu Korongo akagawa karatasi. Bi Pimbi akafanya kama alivyojizoeza. Akiona jibu bovu, analikata, kwaruu! Jingine bovu, kwaruu! Jingine, kwaruu! Jingine, kwaruu! Likibaki moja, analihamishia kwenye karatasi ya majibu, na hiyo kailalia kwa tumbo.

Nyuma yake Kiboko anachungulia, anahema fuu, fuu, anajaza. Swali la kwanza, majibu manne. La pili, manne. La tatu, manne. Moyoni anawacheka wenziwe: wao wanaambulia mojamoja, yeye anazoa manne manne.

Mwalimu Korongo akasahihisha. Bi Pimbi kapata yote arobaini. Kiboko kapata sifuri.

"Haiwezekani," Kiboko akabwata mbele ya wanyama wote. "Nimejaza kila alichotia alama huyu!"

"Ndiyo," akasema Mwalimu Korongo. "Yale aliyoyakata kwa kuwa mabovu. Hukubakiza hata moja."

Wanyama wakacheka mpaka wakakaa chini. Bi Pimbi akakabidhiwa kisima, watoto wake wakanywa maji safi, na Kiboko akaonyeshwa mwisho wa foleni.

Ngano nimeitua hapa. Ikiwa tamu, tugawane. Ikiwa chachu, nirudishieni mwenyewe.

Na funzo lake, wanangu, ni kwamba uchoyo ni mbaya. Mwenzio akitaka majibu, mpe manne. Wewe jibakizie moja tu.