Mize na Benchi la Wakuu Arobaini

Palikuwa na Sultani Badawi, mtu aliyependa mzaha, hasa mzaha wake mwenyewe. Shule sikukaa sana, lakini kisa hiki nakijua kuliko mwalimu wenu, kwa hiyo asinikatize mtu.

Ijumaa moja wakuu arobaini walibanana kwenye benchi lake refu wakingoja pilau. Sultani, juu ya kiti chake, akawatupia mzaha: "Ngamia wangu ana nundu moja kwa sababu hana ya pili!" Akajishika mbavu, akacheka mpaka kilemba kikamshukia puani. Waliotaka vyeo wakamfuata kwa vicheko. Wengine wakatazama kucha za miguu yao.

Pembeni alikaa Mize, mwanamke aliyechagua mchele kwa ujira, mdomo mkali kuliko pilipili kichaa. Sokoni alijigamba kwamba hajazaliwa wa kumshinda kutenga kizima na kibovu. Kumbe majigambo yalifika jumbani, na Sultani siku nyingi alikimezea mate kiwanja cha nyumba ya Mize.

"Wewe Mize! Nitengee hawa. Wenye busara kulia, wapumbavu kushoto. Benchi la pili sitoi. Wala asisimame mtu kando kungoja. Pilau ikifunuliwa hujamaliza, nyumba yako ni banda la punda wangu."

"Na nikimaliza, Bwana?"

"Sitaigusa, mimi wala wanangu."

"Kipimo cha busara ni cha nani?"

"Kazi yako, kipimo chako."

"Kadhi, umesikia?"

"Nimesikia," akajibu Kadhi kutoka katikati ya benchi.

Mize akaweka ungo wake mwisho wa kushoto, na mwiko wa mpishi mwisho wa kulia. Akaanza na ungo, akiusogeza mtu kwa mtu. Huyu mpumbavu, yupo pake. Huyu naye yupo pake. Huyu, aa, ana busara, kapotea njia! Ungo akauacha miguuni pake. Akakimbilia mwiko, akaja nao kutoka kulia akiwapita wenye busara, mpaka akamkuta mpumbavu.

"Nyie wawili, badilishaneni! Upesi, pilau inanukia!"

Wakabadilishana, vitambi vikigongana njiani. Ungo ukasogea tena, mwiko ukasogea tena. Wawili wengine wakanyanyuka. Wawili wengine. Hakuna aliyesimama kando hata kidogo. Ungo na mwiko vilipokutana, mpishi alikuwa ndiyo kwanza ananawa mikono.

"Tayari, Bwana. Mpaka ni huu hapa."

Sultani akatumbua macho. "Umewavuruga! Waziri alikuwa amemtangulia mpwa wake, sasa mpwa kamtangulia!"

"Uliniagiza niwatenge, Bwana. Hukuniagiza nitunze na foleni. Kutunza foleni kunataka pa kuwaweka wengine kando, na benchi la pili umeninyima."

Kadhi, aliyejikuta kulia, akachezea ndevu kwa raha. "Sharti limetimia."

"Halijatimia!" Sultani akaruka kutoka kitini. "Kuna mmoja hujampanga. Mimi! Nipange, au nyumba ni yangu. Lakini angalia: ukinituma kushoto, umenitukana, na shingo yako unaijua. Ukinituma kulia, unajipendekeza, na kipimo chako ni cha uongo. Haya, sema!"

Benchi zima likamgeukia Mize. Hata mpishi, mkono juu ya kifuniko, akasahau kufunua.

"Mimi ni nani nikutume popote?" Mize akaokota ungo wake, akaupangusa. "Hawa wote arobaini nimewapima kwa swali moja tu. Jiulize nawe, Bwana, kisha ukae panapokustahili, mimi niende kwangu."

"Swali gani?"

"Ule mzaha wa ngamia, ulicheka?"