Mzigo wa Bi Pimbi wa Kwenda Pwani

Jamani, nifungue mzigo?
— Fungua!
Nikifungua mtacheka?
— Tutacheka!
Na atakayenuna?
— Alale njaa!

Basi hapo kale, juu mlimani kwenye baridi ya kugonganisha meno, aliishi Bi Pimbi. Mwili wake kiganja, maneno yake gunia. Mdogo wake alikuwa anaolewa Pwani, na kwa mapimbi bibi harusi hatoki ndani mpaka arambe asali ya kwao. Hakuna asali, hakuna harusi. Asali hiyo alipewa Bi Pimbi aipeleke.

Shida ilikuwa darajani. Hapo alikaa Ngiri, meno nje, tumbo mbele, akiwanyang'anya wapita njia. Ukimwomba akuachie kitu, hicho ndicho alichotwaa kwanza. Mkaidi yule, mimi simpendi hata kidogo!

Bi Pimbi akafunga mzigo. Chini akaweka kibuyu cha asali, kanga na upepeo. Juu akashindilia sweta, soksi za sufu, koti na mablanketi mawili, vyote vya kuazima.

Jirani yake, Bi Kobe, akashangaa. "Shoga, Pwani watu wanalala vifua wazi! Mablanketi ya nini?"

"Si ya Pwani, shoga. Ni ya Ngiri."

Akashuka, tepe tepe tepe, mpaka darajani.

"Simama!"

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Tua mzigo!"

"Chukua asali, mjomba, chukua na upepeo. Ila sweta niachie! Pwani kuna baridi, mkono unatetemeka mpaka pilau haifiki mdomoni."

Ngiri hakuwahi kushuka mlima. Masikio yakamsimama. "Kuna pilau?"

"Masufuria saba."

Akanyakua sweta, akavaa.

"Basi soksi niachie, mjomba!" Akanyakua soksi, akavaa.

"Basi koti niachie, mjomba!" Akanyakua koti, akavaa.

"Mablanketi, mjomba, nionee huruma!" Akajifunga yote mawili kwa kamba.

"Hiyo asali kaa nayo," akasema. "Kitu kinachotolewa kwa hiari kimeoza. Na pilau nakwenda kula mimi!"

Akatangulia, puu puu puu. Bi Pimbi akafuata, akilia kwa sauti huku akijing'ata shavu asicheke.

Mteremko wa kwanza, jasho tiri tiri tiri.

"Mjomba, vua."

"Sivui! Unalitaka koti langu!"

Mteremko wa pili, hewa nzito, nguo zimemganda mwilini. Jasho tiri tiri tiri.

"Mjomba, vua."

"Sivui! Unataka pilau yangu!"

Mteremko wa tatu, minazi hii hapa, pilau inanukia, na Ngiri macho yamempinduka. Koti kule! Blanketi kule! Soksi kule! Akaona dimbwi la tope, chubwi! Akakaa humo siku zote tatu za harusi, pua tu nje, akinusa masufuria saba.

Bi Pimbi akaziokota nguo za watu, akazianika kichakani azichukue akirudi. Akajifunga kanga, akajipepea, pepe pepe pepe, akaingia harusini. Bibi harusi akaramba asali, vigelegele vikapasua anga. Nami nilikuwepo, nikala ukoko mpaka nikafurahi bila sababu.

Ngiri alilizoea tope, na mpaka leo halimtoki.

Basi watoto, funzo ni hili: ukisafiri kwenda Pwani, usisahau blanketi.

Mzigo nimeufunga. Mwenye mgongo aubebe!
— Tumeubeba!