Mtamba kwa Atakayeiponya Seva

Kwanza nisameheni. Hadithi hii nitaisimulia vibaya. Sehemu kubwa niliisikia kwa watu waliokuwa wakicheka, na mtu anayecheka huruka vipande. Palipobaki matundu nimeziba kwa vya kwangu. Mkiona mahali pamepinda, panyoosheni kimyakimya, twende mbele.

Hapo zamani, lakini zamani ya juzijuzi, ya watu wenye simu mfukoni, kulikuwa na ushirika wa maziwa katika milima ya Rungwe, kwenye baridi ya kuvaa koti juu ya koti. Mwenyekiti wake alikuwa Mama Tumpe Mwasomola, mwanamke wa sauti kubwa na vidole visivyotulia. Mdomo ukiongoza kikao, vidole vinafuma. Nyumbani kwake makochi yalivaa vitambaa, redio ilivaa, jagi la maji lilivaa, na rimoti ya televisheni ilikuwa bado ndani ya nailoni yake ya dukani. Alichokipenda Mama Tumpe, alikivalisha.

Ushirika ukanunua seva, ile kompyuta kubwa inayotunza habari za maziwa ya kila mfugaji. Ikawekwa ofisini, mezani, ikivuma kama nyuki waliokunywa kahawa. Ilifanya kazi vizuri. Kisha baridi kali ikaingia, Mama Tumpe akaitazama, akaiona iko uchi. Akaifumia sweta. Sweta la sufu nzito, jekundu, lenye maua ya waridi mbele na nyuma, likaikaa mashine kana kwamba ilipimwa na fundi cherehani. Ofisi nzima ikapiga makofi.

Ndipo balaa likaanza. Asubuhi, maziwa yanamiminika, foleni imefika barabarani, mizani inasoma, mara kimya. Seva imezima. Watu wanasubiri, inajiwasha yenyewe, inafanya kazi kidogo, kimya tena. Bila seva hakuna stakabadhi, na mfugaji wa huko haachi maziwa bila stakabadhi hata kwa mama yake mzazi. Foleni inanuna. Maziwa yanaanza kunuka. Na nje ya geti amesimama mchuuzi mwenye pikapu na mapipa matupu, anawasalimia watu kwa majina, anatabasamu kama bwana harusi.

Wanachama wakasema wazi: ikizima tena siku ya mkutano mkuu, mbele ya macho yetu, ushirika tunauvunja, maziwa tunampa yule wa pikapu. Ushirika ule Mama Tumpe aliuanzisha yeye, kwa kupita mlango hadi mlango, mvua ikimnyeshea. Akapanda juu ya benchi.

"Atakayeiponya hii mashine nampa Neema," akasema. "Ng'ombe wangu mtamba, na mimba yake tumboni. Na mnajua Neema nampenda kuliko baadhi ya mashemeji zangu. Wapo hapa, wananisikia."

Akaitwa fundi Ambwene kutoka Mbeya mjini. Akafika, akavua sweta la mashine, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye kiti, akasifia maua. Akabadilisha waya wa umeme. Seva ikashinda kutwa nzima bila kukohoa. Fundi akaaga, katibu muhtasi Bi Subilaga akaivalisha mashine sweta lake. Asubuhi, kimya.

Fundi akarudi. Akavua sweta, akalikunja, akaliweka kwenye kiti. Akafunga stebilaiza mpya ya kutuliza umeme. Seva ikafanya kazi kama ng'ombe wa kulima. Fundi akaaga, Subilaga akaivalisha. Asubuhi, kimya.

Fundi akarudi na macho mekundu. Akavua, akakunja, akaweka. Safari hii hakubadilisha kitu. Alikaa akasoma kumbukumbu ambazo mashine hujiandikia yenyewe ndani kwa ndani, mstari kwa mstari, mpaka chai yake ikaota utando. Kisha akasema mashine haina kasoro, inazidiwa na joto, inajizima ili isiungue. Watu wenye makoti mawili mawili wakamtazama. Mzee mmoja akamuuliza kama hilo joto linaweza kuletwa na kwake, wagawane. Ambwene mwenyewe hakujua joto linatoka wapi. Akaiwekea feni pembeni, akaaga. Subilaga akaivalisha. Asubuhi, nadhani mnaweza kusema wenyewe.

Mkutano ukafika. Uwanja ukajaa, mchuuzi akasogeza pikapu karibu na geti, Neema akafungwa kwenye nguzo akitafuna kana kwamba hayamhusu. Ndani ya ofisi walikuwa Mama Tumpe, Subilaga, fundi, na mhasibu Kabungo, mtu mpole ambaye hata akipiga chafya alimwomba mwenyekiti radhi.

Subilaga ndiye aliyesema. "Kaka Ambwene, ugonjwa huu unakuogopa. Ukiwepo, haupo. Toka nje, usimame dirishani, utuache tuishi kama siku zote."

Fundi akatoka. Subilaga akafanya kama siku zote: akafagia, akachemsha chai, akachukua sweta kwenye kiti, akaivalisha mashine, akalivuta vizuri pale kwenye matundu ya kupitisha hewa, maua yasikunjamane. Dirishani, uso wa fundi ukabadilika. Akamtazama Subilaga. Subilaga akatazama mikono yake mwenyewe, naye uso ukabadilika. Wote wawili wakamgeukia Mama Tumpe, ambaye alikuwa amekaa anafuma kofia ya printa.

Nani amwambie? Fundi akakohoa. Subilaga akaongeza sukari kwenye chai yenye sukari. Nje maziwa yakaanza kupimwa, seva ikaanza kuvuma kwa uchungu, na Mama Tumpe akaona watu wanamtazama kama anayevuliwa jino.

Hapo Kabungo akainuka. Akalishika sweta kwa maua, akalivua, akalirusha chini.

"Kabungo," Mama Tumpe akasema taratibu, "unaivua nguo mashine yangu mbele ya wageni?"

"Inaungua, mama. Sweta lako ndilo linaloichoma. Nichukie mimi, ushirika ubaki."

Seva haikunyamaza. Ilivuma. Ilivuma mpaka kopo la mwisho likapimwa, mpaka kila mfugaji akapata stakabadhi, mpaka mchuuzi akapiga honi kwa hasira na kuondoka na mapipa yake yakigongana. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Watu wakambeba Kabungo, wakamwangusha, wakambeba tena.

Kisha wakakumbuka mtamba, na vigelegele vikageuka kesi.

Ambwene akasema Neema ni wake. Bila yeye wangekuwa bado wananunua waya. Nani aliwaambia ni joto? Subilaga akamjibu kuwa joto aliliona, lakini sweta lenyewe alilishika kila alipokuja, akalikunja, akalisifia, asilione. Neema ni wake yeye Subilaga, aliyegundua kwamba ugonjwa humkimbia fundi. Bila kumtoa nje angekuwa bado anasoma mistari. Kabungo akasema, kwa adabu, dada Subilaga, ni nani aliyekuwa akiivalisha kila siku? Kujua mlijua wawili, mkanywa chai. Aliyeivua ni mimi. Hapo fundi akamgeukia Kabungo, akamuuliza alianza lini kushuku lile sweta. Kabungo akainamisha kichwa, akakiri kwamba alishuku tangu lilipovalishwa, ila aliogopa. Uwanja mzima ukaguna. Maziwa yote yale yalichachuka, na mtu anajua?

Mama Tumpe akasimama katikati, kamba ya Neema mkononi. Mmoja aliujua ugonjwa, mmoja aliijua njia ya kuunasa, mmoja aliuondoa. Mmoja alikuwa kipofu, mmoja ndiye aliyeutia, mmoja alinyamaza. Neema mwenye mimba hagawanyiki. Na nyuma ya umati shemeji yake mmoja akapaza sauti kwamba huyo aliyefuma naye atozwe faini ya mtamba, kisha tutakuwa na wawili, kazi itakuwa nyepesi. Mama Tumpe alitamani kumjibu, ila kwa mara ya kwanza vidole vyake vilikuwa vimetulia, na vilikuwa vinaona aibu.

Akawageukia wanachama. "Mnijibu nyie," akasema. "Mimi nikijibu, nitajifumia sweta jingine."

Basi nami nawarushia nyie, wenzangu. Aliyejua, aliyenasa, au aliyethubutu: je, nani alistahili Neema? Semeni kwa sauti, msinitazame mimi. Mimi siku ile nilikuwa uwanjani na kopo langu la kununulia maziwa, nikapaza sauti kabla ya wote kwamba ng'ombe arudi zizini kwa mwenyewe, na tangu hapo familia za wale watatu hazinipi maziwa hata ya kupaka kikombe. Nakunywa chai ya rangi, na wa kumlaumu ni mimi peke yangu, maana hata hivyo, nani alinituma?